Chuma cha mchanga mweusi: maswali na majibu

*Baada ya mvua, mfereji wetu hapa Moshi unaacha mchanga mweusi unaonata kwenye sumaku. Unatoa chuma?*

Unatoa. Hiyo ni magnetaiti, madini ya chuma yanayovutwa na sumaku. Ikiwa safi, zaidi ya asilimia 70 ya uzito wake ni chuma. Wahunzi wa Ugweno, milima ya Upare, walichenjua (waliyeyusha tanurini kupata chuma) mchanga wa namna hiyo vizazi na vizazi. Funga sumaku kwa kitambaa ili ukikivuta mchanga udondoke. Osha, kausha, pitisha sumaku tena mpaka punje za kijani na nyeupe ziishe. Anza na kilo 10.

*Tanuri liwe na vipimo gani? (Arusha)*

Ndani kipenyo cha sentimita 25 hadi 30, kimo mita 1, ukuta unene wa sentimita 10. Udongo wa kichuguu ni mzuri sana, ukichanganywa na mchanga wa kawaida na majani makavu yaliyokatwakatwa. Uache ukauke vizuri, kisha washa kuni taratibu. Ukuta mbichi hupasuka. Bomba la hewa likae sentimita 20 juu ya sakafu, likiinama kidogo.

Mkaa uchekeche, maana vumbi lake huziba hewa. Kila kilo 1 ya mkaa iendane na nusu kilo ya mchanga mweusi, ukipanda polepole hadi kilo 1. Mchanga ulowanishe kidogo: ukiwa mkavu unateleza hadi chini kabla haujaiva. Kilo ya mkaa iishe kwa dakika 6 hadi 10. Ikifika 15, hewa haitoshi.

*Donge la chuma nililotoa tanurini linavunjika kama chungu. Nimekosea wapi?*

Tazama palipovunjika. Pakiwa peusi pa kung'aa kama kioo, hayo ni mavi ya chuma, yaani takataka za mchanga zilizoyeyuka: moto ulikuwa mdogo au mchanga ulizidi. Pakiwa peupe kama fedha, chuma kimenyonya kaboni nyingi kutoka kwenye mkaa. Ongeza mchanga kwa kila kilo ya mkaa. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538, na tanuri hili hufika 1,200 hadi 1,300, hivyo chuma kizuri hakitiririki, kinashikana kama ugali. Kitoe kikiwa chekundu-njano, ukigonge kwa gogo kwanza, nyundo baadaye.

*Naweza kuchomea ndani ya stoo?*

Hapana. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu na inaua. Choma uwanjani, pakavu: mavi ya chuma yakiwa ya moto yakigusa maji hulipuka.