Maswali ya Wasomaji: Hapa tunapoza, pale tunachemsha, kwa nini?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Niko fildi kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta, mwezi wa pili sasa. Dizeli ikitoka kwenye mnara unaotenganisha mafuta inapita kwenye eksichenja moja, yaani chombo cha kuhamisha joto kutoka mafuta ya moto kwenda ya baridi, halafu inaenda kupozwa na mafeni makubwa, ukisimama pale hewa ya moto inakufukuza. Hatua chache tu kutoka hapo kuna tanuru linakula gesi usiku na mchana kupasha mafuta ghafi. Si tungelichukua lile joto lote tukalipeleka kwenye mafuta ghafi? Au kuna kitu sijaelewa?

JIBU: Umeelewa mdogo wangu, tena umeona kitu ambacho watu wanakipita kila siku. Ile hewa ya moto ni gesi mliyokwisha kuilipia kule tanuruni, sasa inaondoka na upepo.

Ila swali la kwanza nenda kaulize hivi, dizeli inafika kwenye feni ikiwa na digrii ngapi? Maana joto lina ngazi. Dizeli ya digrii 90 haiwezi kupasha mafuta ghafi yaliyofika 200, hata iwe nyingi vipi, hiyo labda itapasha mafuta yanayoingia ya baridi au maji ya boila. Lakini kama inafika feni na 180 basi hapo mnapoteza, na mimi nisingenyamaza.

Kwa kawaida mafuta ghafi yanapanda taratibu, yanapitia chombo cha kutoa chumvi yakiwa na 120 mpaka 150 hivi, yanaendelea kupokea joto mpaka kama 250, halafu tanuru linamalizia mpaka 360 hivi. Sasa kosa kubwa liko kwenye mpangilio: yale mazito ya chini ya mnara yanatoka na karibu 350, unakuta yamepelekwa kupasha mafuta yaliyoingia sasa hivi na 30. Yanapasha vizuri kweli na kila mtu anaridhika, kumbe joto la juu limetumika kwa kazi ya chini, na tanuru ndo linalipa. Hayo mazito yangekaa mwisho, jirani na tanuru.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Bodo Linnhoff, akiwa Chuo Kikuu cha Leeds kule Uingereza, alionyesha njia ya kuchora joto lote linalotolewa na joto lote linalohitajika kwenye mchoro mmoja. Mistari miwili inakaribiana sehemu moja, inaitwa pinchi. Juu ya pinchi joto ni pungufu, chini yake limezidi, kwa hiyo ukivusha megawati 1 kutoka juu kwenda chini unalipa mara mbili, tanuru linaongeza 1 na feni nazo zinapata 1 zaidi ya kutupa. Mwombe injinia wako huo mchoro. Kama haupo, anza kuandika joto la kuingia na kutoka la kila eksichenja, daftari na kalamu vinatosha.

SWALI: Kwetu mafuta ghafi yalikuwa yanaingia tanuruni na digrii 255, baada ya mwaka na nusu yameshuka mpaka 238. Wakubwa wanasema tusubiri shatidauni, kiwanda kikizimwa kwa matengenezo. Ni sawa?

JIBU: Si sawa hata kidogo. Kiwanda cha mapipa 100,000 kwa siku, kila digrii 1 ni kama kilowati 400, kwa hiyo digrii 17 ni karibu megawati 7 ambazo tanuru linazibeba peke yake, na gesi inayochomwa ni zaidi ya hapo kwa sababu sehemu ya joto lake inatoka na moshi kwenye chimni. Huo ni uchafu, asfaltini (zile sehemu nzito kabisa za mafuta) na chumvi vimeganda ndani ya mirija ya eksichenja, ukiifungua unakuta gamba jeusi gumu linalotaka maji ya presha kubwa kulitoa. Msifungue eksichenja zote. Tafuteni zile zenye baipasi, yaani bomba la pembeni la kupitishia mafuta, hasa zilizo karibu na tanuru maana huko ndo gamba linajijenga haraka, safisheni moja moja kiwanda kikiwa kinatembea, na mpime kabla na baada ili wakubwa waone digrii zikirudi.