Kumkabidhi mtu mwingine kazi ya ubunifu

Ndugu, umeuliza uanze kukabidhi kazi ipi ya ubunifu, ilhali biashara unaiendesha peke yako na unahofia itapoteza sura yake. Ningeanza na kazi zenye kielelezo kilichokwisha kukubalika, kama kurekebisha tangazo lilingane na vipimo vya kila mtandao, huku wazo lenyewe likibaki kwako. Maelekezo yaandikwe: rangi kwa namba zinazoitambulisha kwenye kompyuta, aina ya herufi, mfano unaoupenda na usioutaka, pamoja na sababu, kwani "ifanye ivutie zaidi" si agizo. Mkubaliane mapema idadi ya marekebisho, na mkataba utaje mafaili asilia (yale yanayoweza kuhaririwa) na hakimiliki; hakimiliki hiyo, kwa sheria za nchi kadhaa, Uingereza ikiwemo, hubaki kwa msanii aliyejiajiri hata akishalipwa, msipoihamisha kwa maandishi.