Uliza Daktari wa Mifugo: Binti mwenye mjeledi na nyama ya farasi

*Shikamoo Daktari. Nimeona video kutoka Kazakhstan, kijana anamkimbiza binti, wote juu ya farasi, akamfikia akambusu hadharani. Watu wakashangilia. Wewe ulisoma huko. Huo si udhalilishaji wa mwanamke?*

Marahaba, mwanangu. Aliyekutumia video hiyo ameikata katikati, akakunyima sehemu ambayo watu wa kule huisubiri kwa hamu zaidi. Mchezo unaitwa kyz kuu. Binti hutangulia, kijana humfuata. Akimfikia kabla ya alama, ana ruhusa ya kumbusu, na abusu farasi wote wawili wakiwa mbioni, kazi ambayo si ya kila mtu. Baada ya hapo, hasa kijana akishindwa kumfikia, wanageuza. Sasa binti ndiye anayekimbiza, na mkononi ana mjeledi wa ngozi, kamshy. Akimpata kijana anamcharaza mgongoni njia nzima ya kurudi, na watazamaji ndipo wanaposhangilia hasa.

Nilisomea udaktari wa mifugo Almaty wakati ule ikiitwa Alma-Ata, na walimu walikuwa wakitupeleka vijijini kwa mazoezi. Kuna binti niliyemwona kwenye kyz kuu ambaye bado namsimulia kwa wanafunzi wangu kila nikifundisha habari za mpanda na mnyama wake. Hatamu alizishika kwa mkono mmoja, mwili kauinamisha mbele, na kwa magoti akawa anamwongoza farasi. Mjeledi ule hakumgusa nao farasi hata kidogo. Kijana alidondosha kofia na hakuthubutu kurudi kuiokota. Pembeni yangu bibi mmoja alikuwa akimpigia binti kelele za maelekezo, kama kocha, na kwa namna alivyokuwa akielekeza nilijua naye aliwahi kupanda.

Kwa watu waliohamahama na mifugo yao, wakivunja mahema na kuyasimika tena kila msimu, mwanamke alilazimika kumudu farasi sawasawa na mwanamume. Michezo yao mingi imetoka kwenye kazi. Tenge ilu ni kuinama kutoka kwenye tandiko na kuokota sarafu chini huku farasi anakimbia. Audaryspak ni mieleka ya wapanda farasi wawili, kila mmoja akijaribu kumvuta mwenzake aanguke. Kokpar, ambayo makundi mawili hunyang'anyana mzoga wa mbuzi usio na kichwa, huhitaji mpanda anayeweza kuinua kilo 30 hivi kutoka ardhini, aubane kwa paja na kutoroka nao, mjeledi kauuma kwa meno ili mikono ibaki huru. Siku hizi kwenye baadhi ya mashindano makubwa mzoga wenyewe umeondolewa, hutumika mfano uliotengenezwa, na mimi naliunga mkono jambo hilo.

Hata hivyo wasiwasi wako una msingi mahali pengine. Kuna jambo linaloitwa alyp kashu, kumchukua msichana kwa ajili ya ndoa. Mara nyingine ni mpango wa wapenzi wawili, mara nyingine ni utekaji mtupu. Wapo wanaojitetea kwamba ni mila, na utetezi huo mimi siukubali hata chembe. Bunge la Kazakhstan nalo halikuukubali: mwaka 2025 ilipitishwa sheria inayofanya kumlazimisha mtu kuolewa au kuoa kuwa kosa, kifungo chake kikifika hadi miaka 10, na ule mwanya wa zamani wa mtekaji kusamehewa akimwachia msichana kwa hiari ukazibwa. Kwenye kyz kuu binti amepanda farasi wake mwenyewe, ametangulia mbele, na ana mjeledi. Usichanganye mambo haya mawili.

*Daktari, unawasifu Wakazakhi kwa kumpenda farasi. Mbona wanamla? Nimeshindwa kuelewa.*

Ili uelewe, anza na majira ya baridi. Kwenye nyika za kaskazini joto hushuka chini ya nyuzi 30 za hasi, na majani hulala chini ya theluji. Ng'ombe hana ujuzi wa kuyafikia. Farasi anao: hufukua theluji kwa kwato za mbele mpaka akute majani makavu. Wafugaji waliwatanguliza farasi malishoni, ng'ombe na kondoo wakafuata nyuma kula kilichofunuliwa. Bila farasi, kundi lote lilikuwa hatarini. Kinachomshinda hata yeye ni jut, pale theluji inapoyeyuka kidogo kisha ikaganda tena ikawa barafu ngumu juu ya majani. Mfugaji aliweza kulala akiwa tajiri na kuamka maskini.

Sasa familia inayoingia kwenye baridi ya namna hiyo inahitaji nyama yenye mafuta. Mwanzoni mwa majira hayo huchinjwa farasi mmoja aliyenoneshwa, na shughuli hiyo huitwa sogym. Nyama ya mbavu pamoja na mafuta yake hutiwa chumvi, vitunguu saumu na pilipili manga, ikashindiliwa ndani ya utumbo kuwa soseji nene iitwayo kazy. Majirani na wazee hualikwa kula, na mzee hutoa dua, ambayo kwa Kikazakhi huitwa bata, viganja vikiwa wazi. Farasi wa mbio na yule wa kupandwa na baba wa nyumba huwa na heshima yake tofauti.

Na usisahau maziwa. Farasi jike ana chuchu mbili tu na kiwele kidogo, kwa hiyo hukamuliwa mara nyingi kwa siku, mara tano au sita, na mtoto wake lazima aletwe karibu la sivyo maziwa hayashuki. Maziwa hayo huchachushwa kwenye mfuko wa ngozi uliofukizwa moshi, yakipigwapigwa kwa mchi wa mti, mpaka yawe kumis: machachu, yenye povu na kilevi kidogo. Huko Terisakkan, wilaya ya Ulytau, ukamuaji wa kwanza wa mwaka ni sherehe. Kamba ya kufungia watoto wa farasi hupakwa mafuta, na kumis ya kwanza hunywewa kwa pamoja. Mwaka 2018 UNESCO iliziingiza taratibu hizo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni.

Mimi huziheshimu sana sherehe hizo kwa sababu zilikaribia kufutika. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 serikali ya Kisovieti iliwanyang'anya Wakazakhi mifugo na kuwalazimisha waache kuhama. Njaa iliyofuata, 1930 hadi 1933, iliua watu wapatao milioni 1.5, wengi wao Wakazakhi. Mtu aliyenyimwa mnyama anayemfungulia majani ya baridi alikuwa amenyimwa kila kitu.

*Ni kweli watoto wadogo hushindana mbio za farasi kule? Na wazazi wanaruhusu?*

Ni kweli. Mbio ndefu za baiga, ambazo zinaweza kupita kilomita 20 nyikani, mara nyingi wapandaji wake ni watoto, kwa sababu ya wepesi wao. Mtoto huzoeshwa mapema kwenye ashamai, tandiko dogo la mbao lenye viegemeo mbele na nyuma vinavyomzuia asianguke. Siku anayopandishwa kwa mara ya kwanza, ndugu humrushia peremende na kumwombea.

Tandiko hilo nalipenda, limebuniwa na watu waliomfikiria mtoto. Mbio ndefu ni jambo jingine. Farasi akijikwaa kwenye shimo la mnyama mchimbaji akiwa kasi, mpanda wake hurushwa, na fuvu la mtoto ni laini. Wazazi wenzangu wa kule nawaomba kofia ngumu kwa kila mtoto, na daktari wa binadamu awepo uwanjani pamoja na sisi wa mifugo.