Kipimo ni kimoja, mbona kanzu naiona na buibui silioni?

SWALI: Mimi ni fundi cherehani hapa Kibokoni, Mombasa, na kazi yangu kubwa ni kanzu na mabuibui. Nimefunga taa ya LED ya lumeni 800 mita moja juu ya meza, nikaazima kipima-mwanga kwa fundi wa umeme, nacho kikasoma luksi 250. Kipimo hakibadiliki, niweke kanzu nyeupe au buibui jeusi, lakini kwenye kanzu naona kila tundu la sindano, na kwenye buibui uzi hunipotea kabisa. Je, kifaa hiki ni kibovu?

JIBU: Fundi, kifaa ulichoazima ni kizima. Tatizo ni kwamba chenyewe kinapima mwanga unaofika mezani, ilhali wewe unaona mwanga unaorudi kutoka kwenye kitambaa, na hivyo ni vitu viwili mbalimbali.

Lumeni 800 ni jumla ya mwanga wote unaotoka kwenye taa. Luksi ni lumeni zinazoangukia kila mita moja ya mraba. Chini ya kile kikuba cheupe cha kifaa chako kuna kipande cha silikoni kinachogeuza mwanga kuwa umeme, pamoja na kichujio kinachokifanya kizipokee rangi kwa kadiri jicho la binadamu linavyozipokea. Kwa kuwa kikuba kimeelekea juu, kifaa hakina habari na kitambaa kilichotandikwa chini yake. Mwanga unaorudi, yaani mng'ao wa kitambaa chenyewe, hupimwa kwa kandela (kizio cha ukali wa mwanga unaoelekea upande mmoja) kwa kila mita ya mraba.

Hesabu yake, ambayo msingi wake uliwekwa na Johann Heinrich Lambert katika kitabu alichokitoa mwaka 1760, si ngumu kwa kitambaa kisichometameta: chukua luksi, zidisha kwa sehemu ya mwanga ambayo kitambaa hurudisha, kisha gawanya kwa 3.14. Tuseme kanzu yako inarudisha asilimia 80 na buibui asilimia 4. Kanzu itakuwa na mng'ao wa kandela 64 hivi kwa mita ya mraba, na buibui kandela 3 tu. Ndiyo maana uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi hukupotea, ingawa kipimo cha luksi ni kilekile.

Sasa litoe buibui hilohilo nje saa sita mchana, jua likiwa la utosi, ambapo mwanga unaofika hukaribia luksi 100,000. Kwa hesabu ileile, mng'ao wake unapita kandela 1,200, takriban mara ishirini ya kanzu nyeupe iliyo chini ya taa yako. Hata hivyo hakuna atakayesema buibui limekuwa jeupe, kwa sababu jicho hujirekebisha kulingana na mwanga uliopo, kisha huamua weusi na weupe kwa kulinganisha kitu na vilivyo jirani yake. Jambo hili nalipenda kuliko yote katika somo hili, na linastahili kujaribiwa kwa macho mlangoni pako.

Kipo kifaa kinachopima mng'ao moja kwa moja, ambacho hulengwa kama kamera kwenye sehemu ndogo ya kitambaa, lakini bei yake ni kubwa na huna haja nacho. Geuza kikuba cha kipima-mwanga chako kielekee kitambaa, ukiinue sentimita chache na kuhakikisha kivuli chake hakizibi mwanga, kisha gawanya namba hiyo kwa ile uliyopata kikiwa kimeelekea juu; utapata kwa makadirio sehemu ya mwanga ambayo kitambaa hurudisha. Kwa vitambaa vinavyometameta, kama satini, makadirio haya hayatakufaa sana, kwa maana mng'ao wao hubadilika kila unapobadilisha pembe ya kutazama.

Kuhusu dawa ya tatizo lenyewe, ishushe taa mpaka iwe nusu mita juu ya kitambaa. Umbali ukipungua nusu, luksi huongezeka karibu mara nne, kwa hiyo utapata kama 1,000, na mng'ao wa buibui utafika kandela 13 hivi. Ikiwezekana, ongeza taa ndogo ya pembeni iliyoinama sana karibu na meza: hiyo haitaongeza luksi nyingi, lakini kila mshono utatupa kivuli chake, na hapo uzi mweusi utauona kwa umbo lake.