Tatizo ni mdomo mmoja

Unasema foleni kwenye mashine za soda za kugusa kioo, zile za kujihudumia migahawani, zinatokana na wateja wasiojua wanachotaka; usiwalaumu, ndugu yangu. Mashine za soda za zamani huku Marekani zina midomo kadhaa ya kutolea soda: mimi nakinga ya machungwa, wewe pembeni unakinga ya ndimu, hakuna anayemsubiri mwenzake. Hizi za kugusa kioo, mfano Coca-Cola Freestyle iliyoanza 2009, zina vinywaji zaidi ya 100 lakini vyote vinatokea tundu moja. Basi hata anayetaka maji matupu anapanga foleni nyuma ya mtoto anayefungua kila ukurasa. Ya mgahawa wa karibu na kazini kwangu, kioo kinanata soda, na kidole chenye mafuta ya chipsi hakikitambui kabisa! Wangeweka tu bomba la maji pembeni.