Kabla ya Kulinganisha Sauti, Linganisha Vipira

Kwa takribani miezi miwili niliamini kwamba nimenunua visikilizi vibovu. Vilikuwa vya kuingiza sikioni, vya waya, na kila niliyemsikia akivizungumzia alivisifia kwa besi yake nzito, lakini masikioni mwangu vilitoa sauti nyembamba na kavu, ngoma zikisikika kama mtu anayegonga boksi tupu kwa ukucha. Nikavirudisha kwenye kisanduku chake na kuendelea na vile vya zamani, ambavyo bei yake ilikuwa ndogo zaidi. Usiku mmoja nilivivaa tena nikiwa nimelala ubavu, mto ukakisukuma ndani kisikilizi cha kushoto, na papo hapo besi ikajaa. Nilipoinua kichwa ikatoweka. Spika haikuwa na kasoro yoyote. Tatizo lilikuwa kipira, kile kifuniko laini kinachovishwa kwenye ncha ya kisikilizi ili kizibe tundu la sikio.

Tangu hapo siikubali hukumu ya mtu kuhusu sauti ya visikilizi vya aina hii, hata iwe yangu mwenyewe, kabla sijajua vilikaaje sikioni. Spika iliyomo ndani yake ni ndogo mno, mara nyingi ya kipenyo cha milimita 6 hadi 10, na ili itoe sauti nzito inategemea kile kiasi kidogo cha hewa kilichofungiwa kati yake na kiwambo cha sikio. Pakiwa na upenyo, hata mwembamba sana, hewa hiyo hupata pa kutokea, na sauti za chini ndizo zinazopotea kwanza. Za kati na za juu hubaki karibu kama zilivyokuwa, ndiyo maana msikilizaji hashuku kwamba kuna mahali panapovuja, bali husema tu kwamba visikilizi ni vikali na havina besi.

Njia ya kuhakikisha ni rahisi. Chagua wimbo wenye besi inayotiririka bila kukatika, uweke kwa sauti ya wastani, kisha visukume visikilizi ndani taratibu kwa ncha za vidole. Sauti ikinenepa ghafla, ujue kwamba kabla ya hapo palikuwa panavuja. Baada ya hapo fungua mdomo, tafuna bila kitu mdomoni, piga mwayo, kwa kuwa kiungo cha taya kiko mbele tu ya tundu la sikio na kila kinapocheza hubadilisha umbo la tundu hilo. Sikio langu la kushoto lilishinda jaribio la kwanza na kushindwa la pili: nilipokaa kimya kila kitu kilikuwa sawa, lakini neno moja tu likinitoka, besi ya upande ule ilikwenda zake.

Dawa yake ilikuwa kuvaa kipira kikubwa kushoto na cha kati kulia, jambo ambalo nililikataa kwa muda kwa sababu lilionekana kama kuvaa viatu vya namba mbili tofauti. Masikio ya mtu mmoja hayalazimiki kulingana. Vipira vya ukubwa tofauti vinavyokuja na visikilizi havikuwekwa humo kama akiba ya vitakavyopotea, kama nilivyodhani miaka yote, bali vimewekwa ili vijaribiwe, kila sikio kwa zamu yake.

Vipira vya silikoni hudumu na husafishika kwa urahisi. Vya sponji huziba vizuri zaidi kwa wenye matundu yasiyo ya duara, ila huchakaa mapema na hupunguza kidogo ukali wa sauti za juu, na wengi huvivaa vibaya. Kibinye kipira kati ya vidole mpaka kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa upande wa pili, kiingize, kisha kishikilie hapo kwa nusu dakika hivi kikitanuka. Ukikiachia mapema, kitajisukuma chenyewe kurudi nje.

Kina nacho kina neno. Njia ya sikio ina urefu wa takribani sentimita 2.5, nayo haikunyooka. Ikiwa wazi hukuza zaidi sauti zilizo karibu na herzi 3,000, yaani mitetemo 3,000 kwa sekunde. Ukiiziba kwa kisikilizi, ukuzaji huo huhamia sauti za juu zaidi, na mahali unapotua hutegemea umekiingiza kwa kina gani. Hivyo watu wawili wanaweza kutumia visikilizi vilevile, mmoja akalalamika kwamba kila herufi ya "s" inamchoma, mwingine asione tatizo, na wote wawili wakawa wakweli.

Vikishakaa, ndipo ulinganishe sauti, na hapo mtego mkubwa ni ukubwa wa sauti wenyewe. Visikilizi viwili vilivyochomekwa kwenye simu moja bila kugusa kitufe havitoi sauti ya nguvu sawa, na vile vinavyotoa kubwa zaidi, hata kwa tofauti ndogo ambayo hutaitambua, vitaonekana bora. Mwaka 1933 watafiti wa sauti Harvey Fletcher na Wilden Munson walionyesha kwamba sauti ikipungua, sikio hupoteza usikivu wa besi zaidi kuliko wa sauti za kati. Kwa hiyo vilivyo chini vitaonekana pia kuwa na besi haba. Mimi hutumia rekodi ya mtu akisoma, nikipandisha na kushusha mpaka anasikika kwa umbali uleule katika visikilizi vyote viwili, ndipo niweke muziki. Zile namba za herzi 20 hadi 20,000 zilizochapishwa kwenye kisanduku sizitazami, maana hazisemi kila sauti itatoka kwa nguvu kiasi gani.

Kama ni vya waya, upitishe waya juu ya sikio kabla ya kushuka, na ile mikwaruzo ya waya kusugua nguo itapungua sana. Kuziba vizuri kuna faida nyingine ninayoithamini kuliko besi: kelele za nje zikipungua, huna sababu ya kupandisha sauti. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watu wazima wasivuke desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na penye kelele nyingi ni rahisi kuvuka kiwango hicho bila kujua.

Upande mmoja ukififia, badilishana: cha kushoto kitie sikio la kulia. Unyonge ukihama pamoja na kisikilizi, kagua wavu wake mdogo, ambao huziba kwa nta ya sikio na kufutika kwa kitambaa kikavu; ukibaki kwenye sikio lilelile, mwone daktari wa masikio, wala usichokonoe kwa kijiti.

Nilipovilinganisha upya vile viwili vyangu, kila sikio na kipira chake na sauti zikiwa sawa, tofauti iliyokuwa kubwa ikabaki kidogo. Vipya vina besi ya kina zaidi, vya zamani vinatoa sauti ya mtu kwa uwazi zaidi. Vipya ni vya muziki, vya zamani ninavitumia kusikiliza vitabu.