Uliza Tukujibu: Simu Porini, Mwaka Kogwa, Kahawa na Maziwa

Swali: Nikiwa porini pasipo na mtandao, simu yangu huonyesha mahali nilipo lakini ramani yenyewe haitokei. Inakuwaje? (Msomaji, Dodoma)

Jibu: Mahali ulipo hutambuliwa kwa mawimbi ya redio kutoka setilaiti za mfumo wa GPS, zinazoizunguka dunia umbali wa takriban kilomita 20,200 juu ya ardhi, kila moja ikiwa na saa ya atomiki. Katika kazi hii simu hupokea tu, haitumi chochote angani, kwa hiyo haidai salio wala mnara. Hupima muda ambao mawimbi yametumia kusafiri na kupata umbali wake kutoka kila setilaiti. Setilaiti tatu zingetosha kama saa ya simu ingekuwa sahihi kama zile za angani. Kwa kuwa sivyo, huhitajika ya nne ili kusahihisha hitilafu hiyo. Picha ya ramani ndiyo inayoletwa na intaneti, basi ipakue kabla ya kuondoka mjini.

Swali: Kwa nini Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, Zanzibar, huangukia Julai kila mwaka, ilhali Idi huhama? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi na una siku 354 au 355, hivyo Idi hutangulia kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mwaka Kogwa hufuata Nairuzi, hesabu ya jua yenye asili ya Uajemi, ambayo watu wa pwani waliigawa katika miongo 36 ya siku kumi kumi, kisha wakaongeza siku tano kukamilisha 365. Hesabu hiyo iliwafaa sana manahodha na wakulima, kwa sababu kusi, kaskazi na masika havijali mwezi umeandama lini. Hata hivyo, kwa kuwa haiongezewi siku kila mwaka wa nne, nayo husogea, ila polepole mno: siku moja tu katika miaka minne. Anayekwenda kutazama wanaume wakichapana kwa migomba na kibanda cha makuti kikichomwa moto aulize tarehe mapema.

Swali: Mbona kahawa ya Bukoba ni kali kuliko ya Kilimanjaro? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Ni miti ya jamii mbili. Kagera hulimwa zaidi robusta, yenye kafeini karibu mara mbili ya arabika, na Wahaya walikuwa wakiitafuna muda mrefu kabla ya wakoloni kuifanya zao la biashara. Arabika, ambayo chimbuko lake ni nyanda za juu za Ethiopia, ililetwa Kilimanjaro na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19.

Swali: Kati ya Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika, lipi lina maji mengi? (Msomaji, Kigoma)

Jibu: Victoria lina eneo kubwa zaidi, takriban kilomita za mraba 68,800, lakini kina chake hakizidi sana mita 80. Tanganyika limo ndani ya Bonde la Ufa, ambako ardhi ilipasuka na kudidimia, na kina chake hufikia mita 1,470. Duniani linazidiwa na Baikal la Urusi peke yake. Kwa hiyo Tanganyika lina maji zaidi ya mara sita ya Victoria, ingawa sehemu kubwa ya maji hayo, kule chini, haina oksijeni na samaki hawaishi humo.